Joto la Vifaranga: Liwe la Hewa au la Sakafu?

Kikundi kikinunua vifaranga 100 wa siku moja, pesa za merigoraundi za miezi mingi zinalala ndani ya chumba kimoja. Baridi ya usiku mmoja yaweza kuzimaliza. Kwa hiyo, kabla ya kuleta boksi nyumbani, kaeni mkubaliane: joto litatoka wapi?

Wiki ya kwanza kifaranga anataka digrii 32 hadi 35, zikipimwa pale chini anaposimama. Halafu punguza kama digrii 3 kila wiki, mpaka apate manyoya kamili.

Wengi wetu tunaweka jiko la makaa katikati ya nyumba. Jiko linapasha hewa, na hewa moto hupanda juu. Basi unapasha mabati! Wewe ukisimama unasikia joto usoni, ukadhani mambo ni sawa, kumbe vifaranga chini wanarundikana na kukanyagana. Ukitumia jiko, tengeneza dari ya chini kwa magunia, mbali na moto, na uzungushie vifaranga ukuta wa katoni ili upepo usiwapige.

Balbu nyekundu ya joto ni tofauti. Hiyo haihangaiki na hewa. Inapiga mgongo wa kifaranga na matandiko moja kwa moja, kama jua la asubuhi. Ining'inize kama sentimita 45 kutoka chini. Lakini piga hesabu: balbu ya wati 250 ikiwaka mchana na usiku inakula yuniti 6 za stima kwa siku. Na mvua ikija, stima ikipotea saa nane ya usiku, utafanya nini?

Iko njia ya tatu, ya sakafu. Wakorea wa zamani walipitisha moshi wa jikoni chini ya sakafu na kulala juu yake. Wakulima wa tumbaku kule Urambo, Tanzania, huwasha moto nje na kupitisha joto ndani kwa bomba la bati, moshi ukitokea upande mwingine. Fundi wa matofali anaweza kujenga mfereji kama huo chini ya banda. Sakafu ikishika joto haipoi haraka, na moshi haumfikii kuku. Shida ni kwamba haiwezi kuhamishwa, na ufa mmoja unaingiza moshi.

Kwa kikundi kinachoanza, maoni yetu ni haya: tandika maranda au maganda ya mpunga kutoka Bunyala, unene wa vidole vinne, maana sakafu ya simenti tupu hunyonya joto miguuni. Weka jerikeni ya maji moto iliyofungwa gunia, uibadilishe usiku. Jiko liwe la kusaidia tu.

Thermometa ikikosekana, watazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kufungua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, nenda ulale.

Lakini usilale humo. Washa makaa nje mpaka moshi uishe, na hata hivyo acha nafasi wazi chini ya paa, kwa sababu makaa mekundu bado hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mlinzi alale chumba kingine, hata kama mvua inanyesha.