Simu yajua umbali, jirani ajua mlima

Jumapili hii nakuomba tutafakari kwa kuanzia mahali ambapo pengine hukutegemea: kwenye uwanja wa gofu. Najua wengi wetu mchezo huu tunauona kwenye televisheni tu, tena kwa dakika moja kabla ya kubadili stesheni. Usifunue ukurasa mwingine. Tutafika kanisani, na kabla ya hapo tutapita kwa mgonjwa.

Rafiki yangu mmoja, mstaafu na muumini mwenzetu, hucheza gofu. Siku moja alinialika nimsindikize Mufindi, ambako kati ya mashamba ya chai upo uwanja wa mchezo huo. Mimi sichezi, nilitembea kando yake nikisali rozari yangu na kutazama. Mbele yetu alitangulia kijana aliyebeba mfuko wa fimbo, ambaye wachezaji humwita kedi.

Tulipofika mahali mpira wake ulipoangukia, rafiki yangu alitoa mfukoni kifaa kama darubini ndogo, akaelekeza kwenye bendera, akabonyeza. Namba ikatokea: yadi 150, yaani kama mita 137. Akachagua fimbo. Yule kijana akatikisa kichwa. "Mzee, ni mia na hamsini kweli, lakini ipige kama mia na sabini. Pale panapanda, na saa hizi upepo unatoka msituni kutujia." Rafiki yangu akakitazama kifaa, akamtazama kijana, akairudisha fimbo mfukoni na kuchukua nyingine.

Nilimwuliza kwa nini kifaa cha bei kubwa namna ile hakikuuona mlima ambao hata mimi padre niliuona. Akacheka. "Kinauona, Baba. Nimekizima sehemu hiyo. Kwenye mashindano ni kosa, nami najizoeza."

Jibu hilo lilinifanya niulize zaidi, na nilichojifunza ndicho ninachokuletea leo.

Zamani mchezaji wa gofu alikadiria umbali kwa macho, kwa hatua, au kwa vigingi vilivyochomekwa uwanjani. Leo ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ile darubini ya leza. Inarusha mwale wa mwanga hadi kwenye bendera, mwale unagonga na kurudi, nacho kifaa kinapima muda uliotumika. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda huo ni mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini unatosha kutoa umbali. Sharti lake ni moja: lazima ukione unachokipima.

Njia ya pili ni GPS, ile ile iliyo ndani ya simu yako. Huko juu, kiasi cha kilomita 20,000 kutoka duniani, zinazunguka setilaiti zaidi ya 20, kila moja ikiwa na saa sahihi ajabu. Kifaa kikisikia ishara za setilaiti nne, kinajua mahali ulipo. Kisha kinatazama ramani ya uwanja iliyohifadhiwa ndani yake na kukuambia umebakiza kiasi gani, hata kama bendera imejificha nyuma ya miti. Angalia, msomaji: GPS haianzi na unakokwenda. Inaanza na swali ambalo Mungu alimwuliza Adamu bustanini, katika Mwanzo sura ya 3: uko wapi?

Kanuni za gofu zilizoanza kutumika Januari 2019 zinaruhusu vifaa hivi, isipokuwa pale ambapo waandaaji wa mashindano wameamua kuvizuia. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Kifaa kinaweza kukuambia umbali. Hakiruhusiwi kukupimia mwinuko wa ardhi, wala kukuchagulia fimbo. Atakayekitumia hivyo anaongezewa mikwaju miwili ya adhabu, na akirudia anaondolewa mashindanoni.

Na hapa ndipo nilipotulia. Kile ambacho mashine imekatazwa kukisema, kedi anaruhusiwa kukisema. Binadamu anayetembea kando yako anaweza kukuambia, "Pale panapanda, vuta nguvu." Mwaka 2021, kwenye mashindano makubwa ya PGA huko Kiawah Island, Marekani, vifaa vya kupimia umbali viliruhusiwa kwa mara ya kwanza katika mojawapo ya mashindano manne makuu ya wanaume. Mshindi alikuwa Phil Mickelson, mwenye umri wa miaka 50. Aliyembebea mfuko, akitembea naye siku zote nne, alikuwa mdogo wake wa damu.

Sasa nikurudishe nyumbani.

Sisi wa Iyunga hatuhitaji kufundishwa habari za miinuko. Jirani yetu ni mlima Iwambi, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia. Dereva mgeni akitazama ramani anaona kipande kifupi tu cha kufika Mbalizi. Dereva anayeijua njia anaingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, kwa sababu amesikia habari za malori yaliyokatika breki, na pengine amesimama makaburini kuzika. Ramani yao ni moja. Aliyepita ndiye anayejua.

Nami, niliyekaa miaka mingi katika nyanda hizi, nilitenda kama dereva mgeni.

Ilikuwa wakati wa mvua. Baada ya Misa ya asubuhi alinijia kijana mmoja. "Baba, babu amezidiwa. Anaomba Mpako wa Wagonjwa." Nilimfahamu babu yake. Nilifungua simu, tukatafuta nyumba kwenye ramani. Kilomita mbili na nusu. Kwa gari, dakika nane. Nilikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi. Nikamwambia kijana, "Tangulia, nikimaliza kikao nitakuja. Si mbali." Hakubisha. Nani hubishana na padre?

Kikao kilirefuka, kama vikao vya fedha vinavyorefuka. Mvua ikanyesha. Nilipotoka, gari lilifika chini ya kilima likakwama. Mbele palikuwa na tope jekundu, na korongo lililokuwa limekula nusu ya njia. Nilichukua mafuta matakatifu nikapanda kwa miguu. Nilianguka mara mbili. Zile dakika nane zilinichukua karibu saa nzima. Nilipofika, akina mama wa jumuiya walikuwa wameanza kuimba nyimbo za maziko. Mzee alikuwa amefariki muda si mrefu.

Mpako ni sakramenti ya walio hai. Nilisali sala za kumwombea marehemu, nikakaa kwenye benchi na viatu vyangu vya tope. Mama kiongozi wa jumuiya aliniletea chai, akasema kwa upole ambao bado unaniuma: "Baba, ungetuuliza. Huku mvua ikinyesha hapapandiki. Tungekuja kukuchukua asubuhi ile ile."

Lakini hilo halikuwa zito kuliko yote, msomaji. Mzee yule alikuwa na desturi ya kuchelewa Misa ya kwanza. Alifika wakati wa mahubiri na kukaa nyuma. Mara mbili nilimsema mbele ya watu. Nilisema, "Wapo wanaotoka mbali na wanawahi, wewe wa hapa jirani unachelewa." Sikuwahi kupanda kilima chake. Siku nilipokipanda, nikiwa na miaka yangu hamsini na kitu na magoti bado mazima, ndipo nilipoelewa kwamba mtu yule alikuwa akiamka gizani kila Jumapili, akishuka utelezi kwa mkongojo, na kurudi akipanda. Kwa kilomita alikuwa jirani. Kwa mlima, pengine hakuna aliyetoka mbali kuliko yeye. Sikupata nafasi ya kumwomba msamaha akiwa hai. Nilimwomba pale, mbele ya watoto wake, kwa sababu nilimsema mbele ya watu.

Fungua sasa Injili ya Luka, sura ya 10, kuanzia aya ya 25. Mwanasheria anamwuliza Yesu, jirani yangu ni nani? Ukitazama vizuri, hilo ni swali la umbali. Anataka kipimo: upendo wangu uishie wapi? Kwa ndugu? Kwa kabila? Anataka kigingi kichomekwe, ili akivuka pale awe huru.

Yesu hampi kigingi. Anampa barabara yenye mteremko. Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni kama kilomita 25, lakini barabara inashuka kiasi cha mita 1,000, kutoka mji wa mlimani hadi bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Mtu amepigwa, amelala kando. Anapita kuhani, anamwona. Anapita Mlawi, anamwona. Anapita Msamaria, anamwona. Wote watatu walimwona. Kipimo cha macho kilikuwa kimoja. Umbali kati yao na yule majeruhi ulikuwa ule ule. Wawili walijua umbali wakauongeza kwa kupita upande wa pili. Mmoja alijua umbali akaumaliza.

Mimi ni padre. Ninaposoma kwamba wa kwanza kupita alikuwa kuhani, sina pa kujificha.

Mwishoni Yesu anageuza swali. Haulizi tena nani yuko karibu. Anauliza ni nani aliyejifanya jirani. Ujirani hausomwi kwenye namba. Unatendwa kwa miguu.

Na hivi ndivyo Mungu mwenyewe alivyotutendea. Angeweza kutupima kutoka juu, kwa usahihi kuliko setilaiti zote, na kutuambia tumebakiza kiasi gani kufika mbinguni. Mtume Paulo anawaeleza Wafilipi, katika sura ya 2, kwamba Kristo hakung'ang'ania mahali pake pa juu, bali alijishusha na kuwa kama sisi. Alikuja kutembea kando yetu akiwa amebeba mfuko. Ameonja utelezi wetu, naye alianguka akipanda Kalvari, kama tunavyotafakari katika Njia ya Msalaba.

Mpendwa msomaji, sisemi tutupe simu. Namshukuru Mungu kwa akili alizowapa walioviunda vifaa hivi. Zinawafikisha wauguzi kwa wagonjwa na kuwaokoa wavuvi. Nasema tusizipe kazi isiyo yake, wala tusijigeuze sisi wenyewe kuwa mashine za kupima wenzetu.

Maana tunapima, tena sana. Tunamwona kijana anayeishi na mwenzake bila ndoa, tunasema, "Huyo yuko mbali na madhabahu." Ni kweli, umbali upo, na Kanisa haliufichi. Lakini umewahi kuuliza kuhusu mlima? Mahari iliyotajwa na ukoo, na michango ya sherehe ambayo sisi wenyewe tumeifanya kama sakramenti ya nane? Tunamwona mama asiyekuja jumuiya, tunaandika jina lake kwenye orodha ya wazembe. Umeuliza nani anakaa na mtoto wake mgonjwa saa ile ya jumuiya? Tunasoma daftari la zaka, tunaona sifuri mbele ya jina la mjane. Namba ni sahihi. Mlima haumo kwenye daftari.

Ndiyo maana maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970, walisisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Paroko mmoja mwenye maelfu ya waamini hawezi kuvijua vilima vyote. Kaya kumi na tano zinazokaa pamoja zinaweza. Jumuiya ni kedi wa parokia: inatembea kando, inabeba, na inaruhusiwa kusema, "Baba, pale panapanda." Baba naye anapaswa kuuliza kabla ya kuchagua fimbo. Mimi siku hizi, nikiitwa kwa mgonjwa, sifungui ramani kwanza. Nampigia kiongozi wa jumuiya namwuliza njia ikoje. Na kikao kinasubiri.

Juma hili nakuomba jambo moja. Chagua mtu mmoja ambaye umekuwa ukimpima kutoka mbali: ndugu mliyenuniana, jirani asiyesali, mtoto aliyeacha kupiga simu. Usimpelekee mahubiri. Nenda kwake kwa miguu, kama inawezekana kwa njia ile ile anayopita yeye. Huenda ukifika utakuwa umechoka kiasi kwamba yale maneno makali uliyoyaandaa yataishia njiani. Na ukikuta kuna jambo la kuomba msamaha, omba angali hai.

Ee Bwana, uliyeshuka ili utembee nasi, tusaidie kuwaona wenzetu na vilima vyao. Uwapokee katika pumziko lako wote waliotungoja nasi tukachelewa. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.