Maradhi ya Samaki wa Tangi la Kioo

Yeyote afugaye samaki wa maji baridi katika tangi dogo la kioo, awe hodari na mwangalifu kiasi gani, haikosi siku atamkuta mmoja wao amejitenga pembeni, mapezi ameyakunja, au yuko juu ya maji akitweta, na hapo, kabla hajatazama vizuri, hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa. Simlaumu, kwa kuwa chupa ina picha ya samaki mwenye siha na maelezo ya kutumainisha. Lakini aghalabu dawa ni jambo la tatu au la nne, na la kwanza ni maji.

Samaki hula, hupumua na hujisaidia katika maji yale yale, na taka yake kubwa ni amonia, ambayo nyingi huitoa kwa mashavu wala si pamoja na choo. Ziwani amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya lita 40 haina pa kwenda, na lau si bakteria wakaao juu ya changarawe na ndani ya sponji ya chujio, ingewaangamiza wote. Bakteria hao, ambao Mrusi Sergei Winogradsky aliibainisha kazi yao mnamo mwaka 1890, ni makundi mawili: moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili hadi ipunguzwe kwa kubadilisha maji. Kwa kuwa huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kustawi katika tangi jipya, maafa mengi hutokea katika mwezi wa kwanza, wakati mwenyewe, kwa pupa, keshalijaza samaki. Na aoshaye sponji yake kwa maji ya bomba yenye klorini, akidhani anafanya usafi, huwaua bakteria hao na kuanza upya pasipo kujua.

Amonia ina hila yake. Katika maji yenye uchachu kidogo, nyingi huwa katika umbo lisilodhuru sana, ilhali pH ikipanda daraja moja tu, sehemu iliyo sumu huongezeka takribani mara kumi. Kwa hiyo afugaye samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji ya kwao yanakaribia pH 9, hana nafasi ya uzembe aliyo nayo mwenzake. Nitriti nayo huingia damuni, ikaigeuza rangi kuwa ya hudhurungi na kuinyima nguvu ya kuchukua oksijeni, hata samaki akasongwa na pumzi katika maji yenye hewa tele. Chumvi kidogo humsaidia, maana kloridi yake huizuia nitriti mlangoni mwa mashavu.

Tuseme sasa maji yamepimwa, yako sawa, na samaki bado anajisugua kwenye mawe, na mwilini ana vipele vyeupe mfano wa chembe za chumvi. Hayo ndiyo maradhi ya madoa meupe, yaletwayo na kidudu cha seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, na kuyatibu kwataka kwanza kuujua mzunguko wa maisha yake. Kile kipele ni kidudu kinachokula chini ya ngozi, na huko ngozi yenyewe hukikinga na dawa. Kikishiba hutoka, hushuka chini, hujizungushia kifuko na kujigawa ndani yake mara nyingi, hata kikatoa mamia ya wana, na pengine zaidi ya elfu, waogeleao huku na huko kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, hufa. Ni hao tu waogeleao ambao dawa huwaua. Basi asihadaike mtu aonapo vipele vimetoweka siku ya tatu akaacha kutibu, kwani vimeshuka chini kuzaa, havikufa.

Joto huuharakisha mzunguko huo: katika nyuzi 25 humalizika kwa muda wa juma moja au pungufu, na katika nyuzi 10 huweza kupita mwezi. Kwa sababu hiyo wafugaji huyapandisha maji polepole hadi nyuzi 29 au 30, kwa samaki waliozoea joto, huku wakiongeza hewa, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Makaa ya chujio yaondolewe wakati wa dawa, la sivyo yatainyonya yote.

Maradhi yaliyo jirani na hayo ni yale ya vumbi la dhahabu, ambalo huonekana ukimmulika samaki kwa tochi gizani. Hayo huwaandama mno Nothobranchius, samaki wadogo wa madimbwi ya mvua, ambao mmoja wao, Nothobranchius guentheri, asili yake ni Unguja. Na wanaowafuga, hata Ulaya, huwatilia chumvi kidogo majini kuwa kinga. Ama kuoza kwa mapezi, bakteria wake wamo majini siku zote na hungoja samaki adhoofike. Kuhusu aliyevimba tumbo hata magamba yakasimama, nasema bila kuficha: huyo ni nadra kupona.

Samaki mgeni na atengwe peke yake wiki 4, awe na wavu wake na ndoo yake, kabla ya kutiwa pamoja na wenzake. Na mwenye kidonda mkononi asiutie mkono wake majini, kwa sababu kifua kikuu cha samaki, kiletwacho na Mycobacterium marinum, humwambukiza binadamu kupitia ngozi iliyojeruhiwa na kumletea uvimbe usiopona upesi. Aupataye amweleze tabibu mapema kwamba anafuga samaki, kwani dawa nyingi za kawaida haziwawezi bakteria hao, na matibabu yake huchukua miezi.