Ghala Lina Nafasi, Daftari Limejaa

Seva ni kompyuta inayotunza kumbukumbu kwa niaba ya kompyuta nyingine. Nyingi huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Mojawapo ya hitilafu zake zinazosumbua mafundi ni hii: jioni seva hukataa kuunda faili jipya, na asubuhi hukubali bila kuguswa na mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria, kandokando ya Mwanza, vyombo 50 vinapima kina cha maji. Kila chombo hupeleka faili moja dogo kila dakika. Kwa siku ni mafaili 72,000. Mara seva inatoa ujumbe kwamba diski haina nafasi. Fundi anatoa amri df -h, anakuta robo tatu ya diski ni tupu. Je, seva inasema uongo?

La hasha. Fikiria ghala la samaki pale Mwaloni, Kirumba, ambalo mtunzaji wake huandika kila samaki katika mstari wake wa daftari. Sangara aweza kuzidi kilo 100, na bado hutumia mstari mmoja. Dagaa mmoja naye hutumia mstari mmoja. Ghala likipokea sangara, litajaa kabla ya daftari. Likipokea dagaa, daftari litakwisha ghala likiwa karibu tupu.

Mstari huo katika diski huitwa ainodi. Katika mpangilio wa ext4, kwa kawaida ainodi moja hutengwa kwa kila baiti 16,384, na idadi hiyo hupangwa diski inapoandaliwa. Diski ya gigabaiti 100 hupata ainodi 6,553,600. Faili dogo hushika baiti 4,096 tu. Hivyo ainodi zitakwisha robo moja ya nafasi ikiwa imetumika. Kwa mfano wetu, hilo hutokea baada ya siku 91.

Kwa nini basi hitilafu huja na kuondoka? Kwa sababu seva hiyo ina programu ya usafi ambayo kila usiku saa 8 hufuta mafaili ya muda. Ainodi chache huachwa wazi, vipimo vya asubuhi hupokelewa, kisha daftari hujaa tena. Fundi afikapo asubuhi haoni kasoro, naye huenda akausingizia umeme.

Yafaa, kwa hiyo, kuandika saa ya kila kosa, na kupima wakati kosa linapotokea, si baadaye. Amri df -i huonyesha ainodi zilizosalia. Zikiwa zimekwisha, mafaili ya zamani yanakiliwe kwingine kisha yafutwe. Na vipimo vya siku nzima viunganishwe katika faili moja. Diski mpya yaweza kuandaliwa kwa ainodi nyingi zaidi.

Jambo hili si dogo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na twalijua hilo kwa kuwa vipimo viliandikwa na kutunzwa. Diski yaweza kununuliwa tena. Kina cha maji cha jioni iliyopita hakiwezi kupimwa tena.