Juba na Bahari Zake Mbili: Ipi Karibu, Ipi Ghali, Ipi Kali kwa Jua

Kati ya miji mikuu 8 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Juba ndio ulio mbali na bahari kuliko yote. Ndege ikinyoosha njia kutoka Juba, itakata kama kilomita 1,300 angani kabla abiria hawajaona maji ya chumvi. Kigali, ambao watu wake hulalamika sana kuhusu umbali wa bandari, una nafuu ya kilomita 200 hivi. Kila mkazi wa Juba anailipia rekodi hii: kwenye bei ya sukari, kwenye tiketi ya ndege, na kwenye jua la Machi lisilo na upepo wa bahari wa kulipunguza makali.

Bandari zinazougusa mfuko wake ni mbili. Kusini-mashariki iko Mombasa, kilomita 1,330 hivi kwa angani. Kaskazini, kwenye Bahari ya Shamu, iko Port Sudan, zaidi ya kilomita 1,700. Moja huingiza sehemu kubwa ya kinacholiwa na kuvaliwa Juba, nyingine hupitisha mafuta ambayo serikali huyategemea kulipa mishahara. Nimezipanga hapa kwa rekodi zao za joto, mvua, nauli na bei, kwa sababu anayetaka kusafiri kutoka Juba kwenda pwani anastahili kujua anabadilisha nini kwa nini.

Joto: mshindi hubadilika kila baada ya miezi sita

Ukiuliza ni mji gani kati ya mitatu hii una joto kuliko mingine, jibu linategemea mwezi. Februari na Machi ni Juba. Wastani wa joto la mchana hufika nyuzi 37 au 38 za Selsiasi, ardhi imekauka, vumbi limesimama, na mabati yanawaka tangu saa nne asubuhi. Mombasa nayo huwa kwenye kilele chake wakati huohuo, lakini kilele chenyewe ni nyuzi 33 hivi, na jioni upepo wa bahari hufika hadi vibarazani. Port Sudan, mji ambao wengi huudhania kuwa tanuri mwaka mzima, Februari huwa na nyuzi 27 tu mchana. Katika mwezi huo ndio wenye ubaridi kuliko yote mitatu.

Ngoja mpaka Agosti. Juba inanyeshewa, mchana hauvuki sana nyuzi 31, na jioni watu hukaa nje. Mombasa iko kwenye kusi, nyuzi 28, hali yake ya raha kuliko zote. Port Sudan imepanda hadi nyuzi 40 na zaidi, na usiku hauleti nafuu, kwa maana Bahari ya Shamu ni miongoni mwa bahari zenye maji ya moto na chumvi nyingi kuliko zote duniani. Huko upepo wa bahari huja na unyevu wa kukutoa jasho ukiwa umekaa kivulini.

Kwa hiyo rekodi ya kubadilika ni ya Port Sudan: kati ya mwezi wake wa baridi na wa joto kuna tofauti ya nyuzi 14 hivi. Juba ina 7. Mombasa, 5. Anayetaka mji usiomshtukiza mwili, hasa mzee au mtoto mchanga, aende Mombasa bila kufikiri mara mbili.

Mvua nayo ina maajabu yake. Juba na Mombasa, moja ya mtoni na nyingine ya baharini, hupata kiasi kinachokaribiana kwa mwaka, milimita 1,000 hivi kila moja. Tofauti ni mpangilio. Mombasa ina masika ya Aprili na Mei, kisha vuli ya Oktoba na Novemba. Juba ina msimu mmoja mrefu, kuanzia Aprili hadi Oktoba, halafu ukame unaobana mpaka Machi. Port Sudan ni kavu kuliko zote: mvua yake ya mwaka mzima inaweza kunyesha Mombasa katika wiki mbili za Mei. Ndiyo maana msiba wa Agosti 2024 ulikuwa wa kustaajabisha na wa kuumiza. Mafuriko yalilivunja Bwawa la Arbaat, kilomita 40 hivi kaskazini mwa Port Sudan, yakazoa vijiji na kuua watu kwa makumi, na mji uliokuwa ukilitegemea bwawa hilo kwa maji ya kunywa ukabaki na kiu.

Joto la Machi na madawati matupu

Hapa sitaki kupita haraka. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto, utabiri ukisema vipimo vingefika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili. Wakati huo Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alisema wanafunzi wapatao 12 kwa siku walikuwa wakizimia Juba. Watoto 12, kila siku, katika mji mmoja.

Ukiingia katika darasa la kawaida la Juba unaelewa. Kuta za mabati au udongo, paa la bati lisilo na dari, madirisha madogo, watoto watatu au wanne kwenye dawati moja, feni hakuna kwa sababu umeme hakuna. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi za mwisho kabisa duniani kwa idadi ya watu waliofikiwa na umeme. Mwaka wa masomo huanza Februari, yaani mtoto huitwa darasani wakati uleule jua linapokuwa kali kuliko wakati wowote. Kuna waliopendekeza kalenda isogezwe ili likizo ndefu iangukie kwenye miezi ya joto, na mimi naona wana haki kabisa. Mvua za Juba zinaanza Aprili kila mwaka. Kalenda ya shule ni karatasi, inaweza kuandikwa upya.

Njia ya Mombasa: ndefu, yenye foleni, lakini inapitika

Kwa barabara, kutoka Mombasa hadi Juba ni zaidi ya kilomita 1,600: Nairobi, Eldoret, mpaka wa Malaba, Tororo, Gulu, kisha Nimule. Ni miongoni mwa njia ndefu zaidi za mizigo zinazoanzia bandari ya Kilindini, Mombasa. Kipande cha mwisho, Nimule hadi Juba, kilomita 192, kina rekodi yake: kilipokamilika 2012 kwa fedha za Marekani kilikuwa barabara kuu ya kwanza ya lami katika Sudan Kusini nzima. Safari iliyokuwa ikila siku nzima ikawa ya saa tatu hivi.

Mpakani, kati ya Elegu ya Uganda na Nimule, kuna jambo ambalo abiria wa mara ya kwanza hulitazama kwa mshangao. Uganda na Kenya huendesha kushoto; Sudan Kusini huendesha kulia. Malori yamepanga foleni ndefu, matingo wamelala juu ya turubai, na gari likishavuka linahama upande wa barabara huku usukani umebaki palepale. Abiria wa basi hushuka, hutembea na mabegi yao mpaka dirisha la uhamiaji, hutoa pasi na kadi ya njano ya chanjo, na kabla hawajamaliza kuirudisha mfukoni wabadilishaji fedha wameshawazunguka na matita ya noti. Ukifika Juba, nenda soko la Konyo Konyo ukaulize vitu vimetoka wapi. Nyanya na ndizi ni za Uganda. Unga, mafuta ya kula na sabuni vingi vimepita Mombasa au viwanda vya Kenya na Uganda. Na lugha ya kuulizia bei, ukiacha Kiarabu cha Juba, mara nyingi ni hii yetu, iliyorudi na watu waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Nairobi na Kampala.

Nauli ndogo kuliko zote katika safari hii iko mwishoni mwake. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyozinduliwa Mei 2017 hukupeleka kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita zinazokaribia 480, kwa saa 5 hivi. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 1,000 za Kenya, likapanda kuwa 1,500 Januari 2024, na Wakenya walilalamika sana. Lakini kwa anayetoka Juba hicho ndicho kipande rahisi kuliko vyote. Tiketi ya ndege ya Juba hadi Nairobi, kilomita 900 za angani, huzidi nauli hiyo mara nyingi, na hutajwa kwa dola. Ukifika Mombasa, kuvuka kivuko cha Likoni kwa miguu kwenye feri ni bure.

Asiye na pesa ya ndege hupanda basi la Juba hadi Kampala, zaidi ya kilomita 600, kisha la Nairobi, kisha treni. Inawezekana. Ila barabara ya Nimule imewahi kushambuliwa na watu wenye silaha zaidi ya mara moja, kwa hiyo kabla ya kuondoka ulizia kwanza habari za njia, hata kabla ya kuulizia nauli.

Njia ya Port Sudan: mafuta hupita, watu hukwama

Abiria mkubwa wa njia ya kaskazini ni mafuta ghafi. Husukumwa kwenye mabomba kwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi karibu na Port Sudan, na nauli yake ndiyo iliyogombaniwa kuliko nauli nyingine yoyote katika ukanda huu. Januari 2012, Sudan Kusini ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, Juba ilifunga visima vyote kwa kutokubaliana na Khartoum juu ya ada ya kupitisha. Februari 2024 bomba moja likapasuka ndani ya Sudan, katikati ya vita, na hazina ya Juba ikakauka.

Kwa binadamu, njia ya zamani ilikuwa mto. Majahazi ya chuma yalisafiri kati ya Juba na Kosti ya Sudan, kilomita 1,436 za Nile, yakipenya Sudd, kinamasi cha kilomita za mraba 57,000 kilichoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2006. Kupanda mto kuelekea Juba kungeweza kuchukua wiki mbili. Mwaka 2012 maelfu ya Wasudan Kusini waliokuwa wakirudi nyumbani walikwama Kosti wakisubiri majahazi, mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likawarusha karibu 12,000 kwa ndege hadi Juba. Baada ya vita vya Sudan kulipuka Aprili 2023, serikali ya jeshi ilihamia Port Sudan, na Mei 2025 droni zikapiga uwanja wa ndege na maghala ya mafuta ya mji huo. Ubaridi wa Februari wa Port Sudan ni wa kweli, ila kwa sasa siwezi kumshauri mtu aufuate.

Bei: rekodi za Juba yenyewe

Baada ya mkataba wa amani wa 2005 kati ya kaskazini na kusini mwa Sudan, wageni walimiminika Juba kuliko vyumba vilivyokuwepo. Hema kando ya Nile, lenye kitanda na feni ya jenereta, lilikodishwa kwa zaidi ya dola 100 kwa usiku, bei ambayo pwani ya Kenya ingekupa hoteli nzuri na kifungua kinywa. Makontena yakafuata, yakatobolewa madirisha na kuitwa vyumba.

Kisha ikaja rekodi ya fedha yenyewe. Pauni ya Sudan Kusini ilizaliwa Julai 2011, na bei rasmi ya dola ikawekwa pauni 2.95. Desemba 2015 ilipoachiwa ielee, ikaruka hadi 18.5 kwa mkupuo mmoja. Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka ukafika asilimia 835.7, wa juu kuliko wote duniani wakati huo. Mwalimu aliyekuwa akilipwa kwa pauni alishuhudia mshahara wa mwezi ukigeuka bei ya gunia, kisha bei ya kilo chache. Mgeni mwenye dola hakuyaona haya kwa uzito huo, na ndiyo maana simulizi za wasafiri kuhusu Juba "ghali" huacha nusu ya habari.

Kuna rekodi moja ambayo wa pwani ndio wanaopaswa kulipa nauli kuja kuiona. Mashariki mwa Juba, kati ya hifadhi za Badingilo na Boma, hesabu ya angani ya 2023, iliyotangazwa Juni 2024, ilikadiria swala karibu milioni 6 wanaohama: kob wenye masikio meupe, nyamera, tohe na swala wa Mongalla. Hakuna uhamaji mkubwa kuliko huu wa mamalia wa nchi kavu popote duniani. Nyumbu wa Serengeti, kwa sifa zao zote, hawafiki hata nusu.

Bandari ya tatu

Machi 2012, Mwai Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu, pwani ya Kenya, kuzindua mradi wa bandari, barabara, reli na bomba wa kuiunganisha pwani hiyo na Juba na Ethiopia. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Upande wa Turkana, Kenya, lami imesonga sana kuelekea mpaka wa Nadapal. Kizuizi kikubwa upande wa Sudan Kusini ni kipande cha Kapoeta, Torit na Juba, ambako mvua za kuanzia Aprili hugeuza njia kuwa tope na malori hukaa siku nyingi yamezama magurudumu. Lamu iko karibu kidogo na Juba kuliko Mombasa. Kipande hicho kikipata lami na ulinzi, mizigo na abiria wa Juba watafika baharini bila kuzunguka Uganda, na wafanyabiashara wa Konyo Konyo wataulizia bei ya shehena katika bandari zaidi ya moja.