Nyoka Chini ya Jiwe

"Kaka, bado?"

"Bado, mama. Mtandao unazunguka tu."

Steshenari hii ya Makole ina kompyuta mbili, printa moja na benchi la mbao. Mama ametoka Hombolo na gari la alfajiri. Mapajani ameshika bahasha ya kaki yenye matokeo ya kidato cha sita na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA. Binti yake amesimama mlangoni. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Amesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), ana B mbili na C, pointi 11. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unataka angalau 6 kwa udaktari, kwa hiyo sifa anazo. Kuchaguliwa ni jambo jingine. Hayuko juu kiasi cha kulala usingizi, wala chini kiasi cha kukata tamaa.

Hapo katikati ndipo mwili unapochemka. Ubongo huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo kumwaga kotisoli, homoni inayoamsha sukari mwilini kana kwamba kuna mbio za kukimbia. Kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka usiku. Isiposhuka, usingizi unakatika.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta: kisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, unapigwa shoti ya umeme mkononi. (Sisi wa Dodoma, wenye mawe mpaka uani, mchezo huo hatuhitaji kuelezwa.) Jasho na mboni za macho zilionyesha kwamba wasiwasi ulifika kileleni pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu. Waliojua kwa hakika kwamba wataumia walikuwa watulivu zaidi.

Utaratibu wetu unazalisha nusu kwa nusu nyingi. Kuanzia 2010 maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja kila chuo. UDOM inachagua kivyake, St John's kivyake, Muhimbili kivyake. Mwenye alama nzuri anajikuta na nafasi tatu mkononi, na mpaka athibitishe moja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, mbili zimeganda. Wa chini yake anasubiri awamu ya pili, pengine ya tatu.

Dawa ya hesabu ipo tangu 1962, ilipochapishwa na David Gale na Lloyd Shapley. Kila mwombaji anaanza na chuo anachokipenda kuliko vyote. Chuo hakimwambii mtu "umepata". Kinawaweka kiporo walio bora kulingana na nafasi zake, wengine kinawaachia. Walioachwa wanahamia chaguo la pili, na chuo kikiona bora kuliko kiporo chake, kinabadilisha. Hakuna kinachotangazwa mpaka mzunguko uishe, na kompyuta huumaliza haraka. Shapley alipata Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Alvin Roth. Gale alikuwa ameshafariki.

Kanuni hiyo haiongezi kiti hata kimoja, na mimi sidai kwamba ingemtibu mama huyu. Ingemfunulia jiwe mara moja tu, basi. Hata hivyo jiwe la mkopo lingebaki, maana majina ya Bodi ya Mikopo hutoka baadaye, nayo kwa awamu. Ndiyo maana mama anauliza bei ya zabibu zake za mavuno haya ya Agosti kabla hajauliza ada.

Ukurasa umefunguka. Binti amechaguliwa vyuo viwili. Mama anapiga kigelegele kifupi, kisha kijana wa steshenari anauliza namba ya siri imeingia kwenye simu gani.

"Tuliombea kwa simu ya mjomba wake."

"Yuko wapi?"

"Manyoni, kwenye ng'ombe."

Mama anapiga. Haipatikani. Mahali fulani kuna mtoto wa mtu mwingine anayeisubiri nafasi hiyo ya pili. Mama anapiga tena.