Upasuaji wa Tundu Dogo na Leza kwa Presha ya Macho

Mkulima wa Peramiho anayegundulika kuwa na presha ya macho, yaani glakoma, kwa kawaida huanzishiwa dawa ya matone, aitumie kila siku maisha yake yote. Hapo ndipo penye ugumu. Ugonjwa hauumi, nauli ya kwenda Songea mjini ni gharama, na jicho ambalo bado linaona halimhimizi mtu kununua chupa nyingine. Uoni hupungua kimyakimya kuanzia pembeni. Na tofauti na mtoto wa jicho, uliopotea haurudi kwa tiba yoyote.

Majimaji yatengenezwayo ndani ya jicho hutoka kupitia chujio dogo lililo nyuma ya ukingo wa konea. Chujio likipitisha kwa shida, shinikizo hupanda na kuharibu neva ya jicho. Trabekulektomi, upasuaji ulioelezwa na Cairns wa Cambridge mwaka 1968, hutoboa njia mpya kwenye ukuta wa jicho. Hushusha shinikizo sana, ila kovu huweza kuiziba njia hiyo, na Waafrika huathirika zaidi. Katika upasuaji wa tundu dogo, daktari hupitia mkato wa milimita chache tu, akapachika kijibomba au kuchana chujio lenyewe. Jeraha hupona upesi. Hata hivyo shinikizo hushuka kwa kiasi, hivyo njia hii huwafaa zaidi wenye ugonjwa wa awali au wa wastani. Na vijibomba ni ghali mno.

Leza haihitaji mkato wala kijibomba: mwanga huelekezwa kwenye chujio ili lipitishe majimaji vizuri zaidi. Hospitali ya KCMC, Moshi, iliilinganisha na matone ya timololi kwa wagonjwa 201, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021 katika The Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Si muujiza, kwani macho karibu manne kati ya kumi hayakufanikiwa. Ndiyo maana kupimwa shinikizo hakukomi baada ya leza.

Moshi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Peramiho, kwa hiyo wengi wataendelea na matone. Kabla ya kuandika timololi, mhudumu amuulize mgonjwa kama ana pumu au mapigo ya moyo ya polepole, kisha awaite ndugu zake wa damu wapimwe macho.