Saratani: Mafunzo ya mtandaoni yanavyoweza kumfaa mhudumu wa zahanati Kitui na Makueni

MGONJWA wa saratani katika kaunti za Kitui na Makueni mara nyingi huanza safari yake mbele ya muuguzi au afisa wa kliniki, wala si mbele ya daktari bingwa. Ni katika zahanati ambapo uvimbe wa titi huonyeshwa kwa mara ya kwanza, na ambapo mama anayetokwa na damu miaka kadhaa baada ya kukoma hedhi hueleza shida yake kwa sauti ya chini. Mhudumu akiitambua dalili hiyo, mgonjwa hupewa rufaa mapema. Asipoitambua, humpa vidonge na kumwambia arudi baada ya mwezi, na ugonjwa huendelea kutambaa.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 42,116 wa saratani na vifo 27,092. Saratani ya lango la kizazi pekee ilikadiriwa kuwapata wanawake 5,236 na kuwaua 3,211, ilhali ni miongoni mwa saratani zinazozuilika kwa urahisi zaidi.

Tatizo la kuwafunza wahudumu linaanzia kwenye ramani. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, yaani ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Makueni ilikuwa na watu 987,653. Zahanati yenye muuguzi mmoja au wawili haiwezi kumwachilia mmoja wao aende Nairobi kusoma kwa wiki mbili bila wagonjwa kuumia. Mafunzo ya mtandaoni, ambayo mtu huyafuata kwa simu yake jioni au mchana wagonjwa wanapopungua, yanapata thamani yake hapo.

Kenya si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2005 shirika la Amref, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) na kampuni ya Accenture, lilianzisha masomo ya kompyuta ili kuwainua maelfu ya wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada bila kuacha kazi. Kwa nafasi chache zilizokuwapo vyuoni wakati huo, kazi hiyo ingechukua miongo mingi.

Mfano mwingine unatoka Marekani. Mwaka 2003 Dkt Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico alianzisha mradi uitwao ECHO, baada ya kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisafiri mwendo mrefu na kungoja miezi mingi kumwona. Katika mpango huo wahudumu wa vijijini hukutana na mabingwa kwa video kila baada ya muda maalumu. Mhudumu hueleza hali ya mgonjwa wake, bila kumtaja jina, kisha wote hujadili la kufanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa waliotibiwa vijijini kwa njia hiyo walipona kwa kiwango sawa na waliotibiwa chuoni, takriban 58 katika kila 100. Baadaye kituo cha saratani cha MD Anderson, Texas, kilitumia mtindo huo na wahudumu wa Msumbiji na Zambia. Kwa maoni ya mwandishi, mtindo huu unashinda ule wa kusoma kurasa na kujibu maswali ili kupata cheti, kwa sababu mwanafunzi huleta mgonjwa wake halisi.

Chukua mfano wa uchunguzi wa lango la kizazi kwa kutumia siki. Muuguzi hupaka siki iliyopimwa nguvu yake, hungoja dakika moja au mbili, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Si kila weupe ni hatari, na ni kwa kutazama picha nyingi pamoja na bingwa ndipo jicho huzoea kutofautisha. Aidha, kipimo hicho hakiwafai sana waliokoma hedhi, kwani eneo linalotazamwa huwa limerudi ndani. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo cha virusi vya HPV kitangulizwe, lakini pasipo na maabara siki ingali inatumika. Hata hivyo, video haifundishi mkono. Muuguzi lazima asimamiwe mbele ya wagonjwa halisi kabla ya kuachiwa afanye peke yake.

Somo la kuletwa kutoka nje pia linaweza kupuuza yale ya hapa nyumbani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu, yaliwaugua watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Msiba ule ulikuwa wa sumu nyingi kwa mara moja. Kiasi kidogo kinacholiwa mwaka baada ya mwaka huleta saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B nguvu ya sumu hiyo hukadiriwa kuongezeka takriban mara 30. Muuguzi wa Kibwezi au Mutomo anapaswa kujua kumuuliza mgonjwa mwenye maumivu upande wa ini jinsi anavyohifadhi mahindi yake, na kuwashauri watu wazima wapimwe virusi hivyo.

Linabaki suala la kinachofuata baada ya ugonjwa kutambuliwa. Gharama ya bando la intaneti isiachiwe mfuko wa muuguzi, na masomo hayo yahesabiwe katika alama anazohitaji ili kuhuisha leseni yake. Siki, glavu na taa ya kuchunguzia viwepo siku anapomaliza kozi. Tena, hospitali ya Nairobi inayompokea mgonjwa aliyetumwa kutoka Mwingi au Wote imrudishie muuguzi majibu ya maabara, ili ajue kama uvimbe aliouona ulikuwa saratani au la.